Wanachama Wawili wa Chama cha Damu

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

U hali gani huko? Mimi mzima, ila haya magoti tu. Mtoto wako anaongezeka mwili. Paji la uso kalichukua lote la mama yake.

Daktari aliniambia waziwazi: mkeo hakuuawa na uzazi, ila friji ya damu ya hospitali ilikuwa tupu. Mji umejaa watu hivi, friji tupu! Basi naanzisha chama cha kujitolea damu. Shule imenipa darasa Jumamosi. Njoo, mwanangu. Uliondoka makaburini hujambeba mwanao hata mara moja.

Mama yako

29 Machi

Shikamoo Mama,

Barua nimepata. Mimi nipo, nachomelea mageti ya watu kama kawaida.

Chama chako kilikuwa wapi mke wangu alipokuwa akiniita? Damu yangu walisema haiendani na yake. Nikazunguka koridoni namshika kila mtu mkono, "Nisaidieni damu," wakatazama viatu vyao. Hao ndio unaowapangia viti? Usiniandikie tena mambo ya damu. Na mtoto nikimtazama namwona mama yake. Nisamehe.

Mwanao

20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Kifua kilimsumbua mtoto, sasa kimepoa.

Najua hutaki habari hizi, lakini nimwambie nani? Nilipanga viti darasa zima. Akaja muuza nyama, peke yake. Mtaani wanasema nauza damu za watu. Hata mkate ninaouza hawanunui tena. Nikainuka nifunge mlango, machozi yakanishinda. Akasema, "Mama, usilie. Wewe mwenyekiti, mimi mwanachama. Tupige kura kabla sijabadili mawazo." Nikacheka huku kamasi zinanitoka.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Mama yako

16 Juni

Mwanangu,

Kimya chako kinanitisha. Naomba tu uwe mzima. Sisi tunapumua.

Jana muuguzi alinijia mbio: kuna mzazi anavuja damu, friji tupu. Muuza nyama akachomoka buchani na aproni yake vilevile, imetapakaa damu ya ng'ombe. Watu koridoni wakampisha wakipiga kelele. Damu yake ikakubali. Yule mwanamke akapona. Mumewe akanipigia magoti, "Mungu akubariki, mama."

Sikufurahi, mwanangu. Nilimwonea wivu. Nilitaka kumpiga teke. Kwa nini apone wake, si wetu? Nikakimbilia chooni, nikalia nimejiziba mdomo.

Leo watu wamejaa mlangoni kwangu wanataka kujiunga, na mume yule yumo. Nimeshindwa kuwafungulia. Nimejifungia chumbani na mtoto, nawasikia wakigonga. Sina nguvu tena.

Mama yako

25 Juni

Shikamoo Mama,

Pole. Barua yako niliisomea kazini. Mwenzangu akaniuliza nani kafa tena.

Hata mimi ningetaka kumpiga teke. Nilidhani roho hii ninayo peke yangu.

Wakirudi wafungulie, Mama. Nakuja Ijumaa. Niandike mwanachama, ila hospitali ile sijui kama miguu itanifikisha ndani. Nikiishia getini, usinisukume.

Na mtoto akinililia, usije ukamchukua. Niachie. Nitakaa naye hivyohivyo analia, mpaka anizoee.

Mwanao