Debe la Adelina

Buguruni, Dar es Salaam
9 Novemba 1974

Dada yangu mpenzi Adelina,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mahenge, wewe na mama, pamoja na wanafunzi unaowanyima usingizi kwa hesabu. Mimi sijambo, ila vidole vina rangi ambayo hata mafuta ya taa yamekataa kuitoa. Ushirika wetu wa wachora vibao unakwenda vizuri.

Nina habari ya kukuchekesha. Nimepata kazi ya picha, picha hasa, si kibao cha kinyozi. Unaikumbuka nyumba tuliyopanga Temeke, ulipoanza ualimu? Mtaa ule haupo tena. Nyumba za makuti zote zimebomolewa, na pale palipokuwa na bomba pamesimama ghorofa. Sasa kuna mtu anataka nimchoree mtaa ulivyoonekana kutoka dirishani kwake mwaka 1964, asubuhi, foleni ya maji ikiwa ndefu. Mtu mwenyewe ni Albano, yule Mngoni wa chumba cha mbele, karani wa bandarini.

Najua umecheka. Sisi Wapogoro na Wangoni ni watani, na yule hakuuacha utani upumzike. Siku alipolikamata debe lako bombani akatangaza kwamba halitoki mpaka ukubali kuolewa, foleni nzima ilishangilia, nawe ukamjibu kwamba Mngoni hajui kuoa, anajua kuteka tu.

Basi nimechora wiki tatu. Nilikwenda kuwauliza majirani wa zamani, na hapo ndipo nilipojitafutia taabu. Mama Tekla aliapa kwamba nyumba yake ilikuwa na madirisha mawili, nami nakumbuka moja. Mzee Mwishehe alitaka mbuzi wake awemo, nikamweka; kesho yake akaja kusema mbuzi alikuwa mnene zaidi. Albano alidai kitu kimoja tu: wa tatu katika foleni awe yule binti mwenye debe lenye mti wa kushikia. Nikakuchora. Kanga imekubali, debe limekubali, lakini uso umenishinda. Kila nikiurudia unatoka umenikasirikia.

Nadhani najua sababu, na ndiyo maana naandika. Mwaka ule Albano alinipa barua nikuletee. Sikukuletea. Ningeweza kusema nilidhani ni utani, na kila mtu angeniamini. Lakini niliifungua, dada, na haukuwamo utani hata mstari mmoja. Alisema mdomo wake umezoea mzaha mno, ndiyo maana anaandika, na kwamba ukimjibu atatuma wazee nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najiona mwanamume, kumbe naogopa kubaki mjini peke yangu. Nikaichoma jikoni, chini ya maharage uliyokuwa unanipikia. Miezi miwili baadaye ukahamishiwa Mahenge, nikabaki peke yangu vilevile. Yeye alihesabu kimya chako kuwa ndilo jibu.

Jumamosi iliyopita nilimweleza yote mbele ya picha. Nilitegemea kofi. Alikaa juu ya kopo la rangi, akasema Mpogoro ni mwizi tangu kuumbwa, akanitoza kuku wawili kwa sheria ya watani. Halafu, kwa sauti ndogo, akauliza kama umeolewa. Nikasema bado. Yeye pia hana mke, na sikuthubutu kumuuliza sababu. Aliniambia uso niuache hivyohivyo na hasira zake, kwa kuwa ndio anaoujua, na kwamba Krismasi angependa kuileta picha Mahenge mwenyewe, ukimruhusu.

Nisamehe, dada. Aibu hii nimelala nayo miaka kumi.

Mpe mama shikamoo yangu, umsalimie kaka Didas na wanawe, na Sista Apolonia asinisahau katika sala zake, hasa sasa.

Ni mimi mdogo wako,
Gaudens

Jibu lako kwa Albano, liwe ndiyo au hapana, litie ndani ya barua yangu. Safari hii nitalifikisha. Na kama huniamini, anwani yake nimeiandika nyuma ya bahasha.