Kiti Chako, Shangazi Moraa

Na huyo karani, Shangazi, ndiye mume wangu sasa. Yule Kipkorir wa kituo cha majani ya chai cha Chepseon, ambaye uliniuliza juu yake, "Kwani mizani yake huharibika kila siku, ama ni wewe umeharibika?" Nikimsikia akivua gambuti mlangoni, moyo wangu unaruka bado.

Wewe ndiye ulitukutanisha. Uliponiingiza kiwandani baada ya kidato cha nne, ulinionyesha programu yako ya RPG, ile lugha ya zamani ya kompyuta. Kilo za majani hutoka vituoni zikiwa herufi tu. Zinafanana na nambari, lakini mashine haiwezi kuzijumlisha mpaka izigeuze kuwa desimali, na ikikuta nafasi patupu, bila nambari, inakwama. Nikakuuliza kwa nini tusiiruhusu isome patupu kama sifuri, twende nyumbani. Ulinikazia macho. "Sifuri ni mkulima ambaye hakuleta majani. Patupu ni mkulima hatujamuuliza. Piga simu."

Nikapiga. Sauti iliyojibu, Shangazi, ilikuwa kama chai ya maziwa siku ya mvua. Baadaye nikawa naombea mapengo.

Tangu tukuzike, programu naitunza vile uliiacha. Patupu hapajazwi. Lakini harusini... Mama hakutaka mstari wa mashangazi uonekane na pengo, kwa hivyo akamketisha Mama Brenda, jirani yetu, kwenye kiti chako. Mwenye kipaza sauti akaita "shangazi wa bi harusi," naye akasimama akipiga vigelegele. Nami nikamkumbatia. Nikacheka. Nilikuwa na furaha nyingi hata sikukukumbuka mpaka nilipomlisha keki, kipande chako, kwa mkono wangu.

Mkulima nisiyemjua nampigia simu. Wewe nilikusoma sifuri.

Ndiyo maana sijakanyaga Chepilat, tulikokuzika. Nimeona aibu kusimama mbele ya kaburi lako nikiwa na pete na uso unaong'aa hivi. Jana Kipkorir aliniuliza, polepole vile yeye huongea, "Mimi nikiacha pengo unanitafuta mpaka unipate. Shangazi yako je?" Nililia kwenye shati lake.

Pumzika, Shangazi wangu. Mwezi huu hautaisha kabla sijakuja na yeye, umwone. Tutabeba kiti kutoka nyumbani, tukiweke kando yako. Tutaketi kwenye nyasi, sisi wawili, na hicho kiti hakuna mtu atakikalia.

Kemunto wako