Radhi Zako Ninazo Mimi

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kasuku,

Salamu nyingi kutoka kwetu, na pole kwa kazi. Natumaini koo lako limepona, na lile goti uliloumia jukwaani halikusumbui tena. Mimi ni mzima, ila mgongo tu. Mama anakula, analala, presha haijapanda wiki hii. Macho ndiyo basi tena, sasa hata taa haioni.

Hongera kwa tuzo. Jirani alituletea gazeti, nikamsomea Mama ukurasa mzima, hadi pale uliposema kila unachokijua umejifunza kwake. Alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka.

Filamu yenyewe nimeitazama mara mbili. Binti anamuuguza mama yake kipofu miaka sita, na watu wanatoka ukumbini wakifuta machozi. Sina ubishi, kulia unajua. Lakini kijiko unakishika vibaya. Mtu asiyeona hapelekewi uji mdomoni ghafla namna ile. Unamgusa kwanza mdomo wa chini, ajue kimefika. Ungeniuliza, ningekuambia. Mimi pia huu ni mwaka wa sita.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Filamu hiyo ilipoonyeshwa kwenye televisheni, Mama aliisikia sauti yako, akawa anakujibu. Ilipokwisha akauliza kwa nini umeondoka bila kumuaga. Siku mbili akakataa chakula. Siku ya tatu nikajipaka yale marashi uliyotuma, nikakohoa kidogo kama unavyokohoa wewe kabla ya kusema, nikamwambia, "Mama, ni mimi, Kasuku wako. Nimerudi."

Usishangae. Ulipokuwa ukikariri michezo yako uani, mimi nikifua, nani alikusomea wahusika wengine wote? Mfalme mimi, mchumba mimi, polisi mimi. Na sauti zetu zimetoka tumbo moja. Mama alimaliza bakuli zima.

Nilidhani ni jambo la siku moja, kumbe kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sasa ni miezi mitano. Namwogesha kwa jina lako, namchana nywele kwa jina lako, hata lile gazeti la tuzo nilimsomea kwa jina lako. Nikinyamaza kidogo tu anaita, "Kasuku, upo?" Sauti yangu mwenyewe haijasikika chumbani humo siku nyingi.

Juzi alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Mwanangu, umeacha mambo yako makubwa ukaja kunifuta mate. Sikudai kitu. Ziwa langu ulilonyonya nimekuhalalishia. Nenda popote, hutaanguka." Nikalia, nikamshukuru kwa sauti yako.

Kisha akauliza, "Na dada yako je? Tangu uje sijamsikia. Amenisusa?"

Mimi niliyekuwa najua maneno ya kila mtu, nikaishia kukohoa kama wewe. Mama akasubiri, halafu akageuza uso ukutani. "Basi mwambie na mimi nimemsusa."

Nina uchungu, mdogo wangu, siufichi. Nina uchungu nawe uliyepigiwa makofi kwa kazi yangu, nina uchungu nami niliyekuazima mahali pangu bila wewe hata kuomba. Nikimwambia ukweli leo, atajua wewe hukuja, na ataacha kula tena. Daktari anasema moyo wake umechoka, tusitegemee afike mwisho wa mwaka.

Kwa hiyo usitume kifurushi kingine. Njoo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hapa mwenyeji ni mgonjwa kweli. Keti kitandani kwake ukohoe kidogo. Mimi nitatoka nje, nibishe hodi, niingie nimwamkie Mama kwa sauti yangu. Ikibidi nimpigie magoti nitapiga, maadamu ajue ni mimi.

Msalimie shemeji na wanao. Shangazi mshonaji anakusalimu, anadai kwenye picha ya gazeti gauni lako limekupwaya. Kaka naye anauliza kama bado unakoroma.

Mungu akulinde njiani. Najua atakulinda, kwa maana radhi zako ninazo mimi hapa. Njoo uzichukue, unipishe nikaziombe zangu Mama angali hai.

Ni mimi dada yako, ambaye hata kwa hasira hizi nakupenda.