Nukta Mbili za Bwana Bauli

Kwa Ami yangu, uliyeko Kizingitini,

Assalamu alaykum warahmatullah.

Nilianza kwa kuandika tarehe juu ya karatasi, kama ilivyo desturi yangu, kisha nikaifuta. Nilikusikia ukiniita "Bi Tarehe", jina ulilonipa nikiwa kidato cha kwanza, siku uliyonikuta nimeandika katika shajara yangu siku na saa aliyozaa paka wetu. "Paka mwenyewe hakuuliza ni siku gani," ulisema. "Wewe wamwandikia ili akachukue kitambulisho?"

Barua hii naiacha wazi, aisome kila atakaye, kwa sababu nilikukosea mbele za watu. Kosa la uwanjani halitakiwi radhi chumbani. Kwa hiyo utanivumilia nikieleza mambo unayoyajua. Nawaeleza wanaosoma begani kwako.

Wao hawajui kwamba wewe ni mdogo wa marehemu baba, na kwamba ndiwe uliyenilea. Hawajui kwamba kwa miaka mingi boti yako ndiyo iliyowavusha wageni kutoka kiwanja cha ndege cha Manda hadi Amu, yaani Lamu, wala kwamba khati ya Kizungu hukuijua. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, ulisoma ukahitimu, barua zako zote uliandika kwa Kiswahili cha khati za Kiarabu kama walivyoandika wazee wako, lakini jina la mgeni likiandikwa kwa herufi za skuli kwako lilikuwa kama nyayo za ndege mchangani.

Ndipo tukatengeneza ubao. Ulichukua kipande cha mbao ya mkoko, ukakiranda mpaka kikateleza, ukakipaka rangi nyeusi pande zote mbili. Hoteli zilituletea majina ya wageni jioni, na asubuhi baada ya sala, kabla sijavaa sare, mimi niliyaandika kwa chaki. Upande wa mbele niliandika kwa khati ya Kizungu, ausome mgeni. Upande wa nyuma niliandika jina lile lile kwa khati yako, ulisome wewe ukiwa umeushika kifuani. Mgeni aliona jina lake, nawe ulilitamka, na kila mtu gatini akaamini kuwa umesoma upande wa mbele.

Ila khati ya Kiarabu niliyoijua mimi ilikuwa ya msahafu tu, na katika msahafu hamna herufi ya "p". Alipokuja mgeni aitwaye Paul nilifikiri kidogo nikaandika "ba". Mbele ubao ulisema Paul. Nyuma ulisema Bauli.

Nilikuwapo siku hiyo, ilikuwa Jumamosi na hatukuwa na skuli. Wageni walishuka ndegeni wakaja gatini wakiburura masanduku, nawe ukauinua ubao, ukasoma kwa sauti ile ya kuita mtu ng'ambo ya pili ya mkondo: "Bwana Bauliii!"

Manahodha waliokuwa gatini walikaa chini kwa kicheko. Hapana mtoto wa chuo Amu asiyejua bauli ni nini. Ni somo la mwanzo kabisa katika mlango wa tohara, tunapofundishwa jinsi bauli, yaani mkojo, inavyosafishwa katika nguo. "Nahodha," mmoja alikupigia kelele, "huyo mvushe peke yake, na boti uioshe mara saba!"

Paul aliliona jina lake upande wa mbele, akaja akicheka na wanaocheka bila kujua kinachochekwa. Katikati ya mkondo mtu akamfafanulia. Alicheka mpaka kofia ikamwangukia majini, nawe ukazima injini ukaiopoa kwa upondo.

Mimi nililia njia nzima. Tulipofika nyumbani ukaniita: "Ndoo hapa, mwanangu." Ukachukua chaki, ukaandika "ba" yenye nukta yake moja chini, kisha ukaiongezea mbili. Ukaniambia wazee waliokuja kabla ya skuli walikuwa na "pa" yao, na hii ndiyo. Nilidhani utanigombeza. Ukasema tu, "Wayaona? Nukta mbili, mwanangu. Baina ya mtu na najisi ni nukta mbili tu."

Sentensi hiyo iko katika shajara yangu ya mwaka ule. Niliiandika kwa makini, tena nikaipigia mstari. Laiti kuandika kungekuwa ni kukumbuka.

Paul alirudi mwaka uliofuata, na mwingine, na mwingine. Ulimfundisha salamu yake mwenyewe ya kusema amekuja, kwa Kiamu chetu. Akishuka ndegeni hakungoja ubao, alitoka mlangoni mikono juu akipiga kelele, "Bauli mekuya!" nawe ukimjibu, "Mekuya safi?" Hoteli alizibadilisha, msimu aliubadilisha, lakini boti hakuibadilisha. Nilikuuliza mara moja, wageni hawa wanakupendea nini, maana boti za wenzako zilikuwa na vivuli vizuri na viti vya sponji. Ulijibu, "Mtu akishuka ugenini hana baba wala mama. Akiitwa jina lake, mepata ndia ya kupita."

Sasa nifike kwenye kosa.

Ulipoundwa umoja wetu wa boti za wageni, walinichagua mimi kuwa katibu kwa sababu ya shajara zangu. "Huyu hata mvua huiandikia," alisema Bwana Mwenyekiti. Tulitaka kuitangaza Amu upya. Wageni walikuwa wamepungua, na wachache waliokuja walinung'unika kuwa wakifika gatini Manda wanavutwa mikono na manahodha watano, kila mmoja kashika sanduku la mgeni. Niliandika kanuni. Niliweka zamu, nikaweka majaketi ya kuelea kwa kila abiria, nikaweka daftari la majina. Daftari lilikuwa na sababu. Unaikumbuka ile boti iliyozimika mashine mkondoni na kupeperuka alasiri nzima. Tulipoulizwa nani wamo, karatasi ilisema "wazungu wanne" na basi. Nilisema haitatokea tena, na mpaka leo naona nilikuwa na haki.

Lakini niliandika hivi: kila nahodha ataandika kwa mkono wake jina la kila abiria, kwa khati ya Kizungu, kabla ya kuondoka. Maneno manne yale, "kwa khati ya Kizungu", niliyaweka nikijua. Nataka ulisikie hilo kutoka kwangu. Sikusahau. Nilijiambia litapatikana la kufanya, kama mtu anayejenga ukuta akijiambia mlango utajitokeza wenyewe.

Mkutanoni nilisoma kanuni zote. Ulikuwa umekaa safu ya nyuma, karibu na dirisha, umeshika bakora yako baina ya magoti. Shee, yule nahodha kijana wa Wiyoni, akasimama akauliza, "Na ami wako je, Bi Katibu?"

Nilikuwa mwanamke peke yangu mezani. Niliogopa watasema nimekuja kuwapendelea jamaa zangu. Nikajibu haraka, na jibu lilinipendeza likiwa bado mdomoni: "Kanuni haina ami."

Wakapiga makofi. Katika makofi yale sikukutazama. Shajara yangu ya siku hiyo inasema: "Kanuni zimepita zote. Ami hakusema neno." Ni kweli tupu, na ndiyo sentensi ya uongo kuliko zote nilizowahi kuandika.

Ulikuja Manda siku ya kwanza ya kanuni. Uliandika abiria wako watatu katika daftari, kwa khati yako nzuri, mstari umenyooka kama uzi. Mkaguzi wa gati akalitazama, akaligeuza juu chini, akanitazama mimi. Mimi nikatazama maji. Wageni wako wakahamishiwa boti ya nyuma yako. Ukapanda ngazi taratibu, ukanipa ubao. "Shika, mwanangu. Wako huu." Juma lile lile ukaondoka kwa boti ya abiria kwenda Kizingitini, kisiwani Pate, kwa binti yako, ukasema unakwenda kumsaidia kujenga jiko. Jiko hilo, Ami, lingekuwa jumba la hoteli sasa kwa muda uliolijenga.

Nimekuletea salamu kwa watu waendao huko, nawe umerudisha salamu tu, hukurudi mwenyewe.

Mwezi uliopita Paul alikuja. Amezeeka; alishuka ngazi za ndege akishikwa mkono. Alipofika gatini aliinua mikono yote miwili, bakora na yote, akapaza sauti, "Bauli mekuya!" Hakuna aliyemjibu. Vijana walitazamana kwa aibu, wengine hawakujua wacheke au wamletee maji ya kujisafishia. Mimi nilikuwa nimevaa fulana yangu ya kijani ya umoja, na daftari mkononi. Nikamwambia, "Karibu, Bwana Paul. Boti yako ni namba nne."

"Nahodha yuko wapi?" akaniuliza.

Nikatafuta neno la heshima la kufunikia. Nikasema, "Amepumzika."

Akavua kofia. Akaishika kifuani kwa mikono miwili. "Pole," akaniambia. "Pole sana. Lini?"

Sikuelewa ananiuliza nini mpaka nilipoona machozi. "La, la! Yu hai!" nikasema. "Yuko Kizingitini, mzima, alhamdulillahi!"

Akakaa juu ya sanduku lake. Akainua uso, kofia bado kifuani. "Yu hai? Basi kwa nini hayupo?"

Mgeni alikuwa amekulilia gatini kwako mwenyewe, na aliyekuzika ni mimi.

Nilirudi katika umoja. Walikuwa wananidai karatasi ya kuitangaza Amu kwa wageni. Nilikwisha kuandika habari za milango ya nakshi na mchanga mweupe wa Shela, na Mwenyekiti alinirudishia akisema hiyo ni karatasi ya mji wowote wa pwani. Safari hii niliwapelekea mstari mmoja: *Kwetu utaitwa kwa jina lako, hata kama tutalikosea.* Wakaupenda. Wakataka upelekwe kwa mpiga chapa siku hiyo hiyo. Nikawaambia siwezi kuwaahidi wageni jambo ambalo mwenye nalo tumemfukuza, na nikaomba tuifungue kanuni ya daftari.

"Bi Katibu," akasema Mwenyekiti, "polisi wa baharini akifungua daftari akute khati za chuoni, atasoma nini?"

"Atasoma Fatiha!" akadakia mtu, na watu wakacheka.

Nikauweka ubao wako mezani. Nikaugeuza mbele, nikaugeuza nyuma. Nikasema huu umefanya kazi Manda tangu mimi ni mtoto, na siri yake ni kwamba una pande mbili. Daftari nalo likifunguliwa lina kurasa mbili. Nahodha aandike ukurasa mmoja kwa khati aijuayo, na mimi, au karani wa zamu, ninakili ukurasa wa pili papo hapo kwa khati ya Kizungu, boti haijang'oa nanga.

"Nahodha apewe ukurasa wa kulia," alisema Shee. "Khati yenyewe si huanzia huko?"

Imepita. Maneno manne yale yamefutwa, na nimeyafuta kwa mkono wangu mbele yao. Nilisema pia lile jibu langu la siku ile lilikuwa jibu la mtu anayetaka kupigiwa makofi, na kwamba yule waliyemsikia akilisema alilelewa vizuri kuliko hivyo. Hawakupiga makofi safari hii. Tulipotoka nje Shee akanishika bega la fulana. "Dada, siku ile sikuuliza kwa kejeli," akaniambia. "Niliuliza nikitaraji utapata la kusema. Sote tulikuwa tunataraji."

Jambo hilo linaniuma kuliko yote. Mlango ulikuwapo, na mtu alikuwa ameushika wazi kwa ajili yangu.

Zamu yako ni ya tatu. Haikupewa mtu, baada ya ya pili tunaita ya nne, na orodha ina pengo kama jino lililong'oka. Boti yako nimeipandisha pwani, imekwanguliwa na kupakwa rangi ile ile ya samawati. Karatasi ya kuitangaza Amu iko katika mtoto wa meza, inakungoja. Usipokuja haitatoka, na umoja wanajua. Sikushikii kisu shingoni. Ukiona umechoka kuvuka mkondo, niambie umechoka na nitakuamini. Ila usikae huko kwa sababu nilisema huna nafasi hapa. Nafasi niliitoa mimi, na haikuwa yangu kutoa.

Sasa igeuze karatasi.

Hapa mbele nimeandika kwa khati ya Kizungu, kwa ajili ya wageni. Huko nyuma ni kwako, nimeandika yale yale kwa khati yako, nikianzia kulia, kwa mkono uliopata kutu. Imenichukua siku tatu. Neno "pole" nimelihakiki mara mbili, nisije nikakuletea "bole". Utakuta makosa mengine. Njoo unisahihishe kwa chaki yako, mbele za watu ukitaka.

Nilisema kanuni haina ami. Mimi ninaye.

Mahali pa tarehe, juu, nimepaacha wazi pande zote mbili. Nitapajaza siku utakayoshuka gatini.

Mwana wa nduguyo,
mwandishi wa ubao wako