Kibuyu Nilichokikataa Mara Mbili

Jumatatu, 7 Julai

Nimepiga pasi suruali ya kufagilia uwanja. Buti zimeng'aa mpaka jogoo kajiona ndani, akataka ugomvi. Kijiji chetu cha Mabawe kizima hakuna mwenye nidhamu kama mimi, na hakuna wa kuniambia hivyo, basi najiambia. Uji bila sukari. Nyumba ya vyumba vinne, bati jekundu, mlalaji mmoja. Mama watoto alichoka kunisubiri nikiwa misheni ya kulinda amani nchi za watu, akaolewa Biharamulo. Simlaumu. Nikikohoa, vyumba vinaitikia.

Kaka Ladislaus na mdogo wetu Evarist bado hawasalimiani. Ni ule mstari wa migomba kati ya mashamba yao. Marehemu baba hakusema ni wa nani. Juzi Evarist kakata mkungu pale. Ladislaus kaapa: akikata wa pili, na mkono utabaki palepale.

Jumatano, 9 Julai

Mwenyekiti wa kitongoji kaja. "Afande, umetuliza nchi za watu, utashindwa na ndugu zako wawili?" Nikajifanya nafikiri. Moyoni nilishakubali kabla hajakaa.

Nikamweleza. Fomu foo nilipata sifuri safi, lakini jeshini nilikuwa polisi jeshi, na misheni nikapangwa na jandamu wa mataifa mengine. Hao ni askari kwa kambi na bunduki, polisi kwa kazi. Vita ikiisha, mwanajeshi anajua kupiga tu, na polisi wa kawaida anakimbia risasi ya kwanza. Hapo katikati ndipo sisi. Tunalinda soko, tunakamata wezi, tunasimama kati ya watu waliochinjana jana. Sheria kubwa ni moja: usile wala usinywe kwa upande wowote. Mwenzetu mmoja alikula mbuzi ng'ambo moja ya mto. Ng'ambo ya pili wakatupiga mawe wiki nzima.

Mwenyekiti kasema, "Hapa hakuna mto." Hajasafiri, maskini.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeanza kwa mkubwa. Shikamoo, marahaba. Shemeji Koleta kaleta kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake. Nikaweka mkono kifuani: niko kazini.

"Kazi ya nani?" Ladislaus kauliza.

"Ya amani, kaka."

"Humo unaogopa nini?"

Najua. Nimezaliwa hapa. Ukikataa kibuyu cha mtu umemwambia ana sumu. Lakini sheria ni sheria.

Kwa Evarist vilevile. Yeye kavuta kwanza, nikaona koo likishuka, ndipo akanipa, kama desturi inavyotaka. Nikakataa. Mkewe akakichukua kibuyu, akakifunika taratibu kama anafunika uso wa marehemu.

Nimejisifu njia nzima. Haki sawa kwa wote. Nimefika nyumbani nikanywa maji.

Jumatatu, 14 Julai

Wamekutana kwenye migomba na mapanga. Nikaingia katikati, ubavu huku, ubavu huku, asipewe mtu mgongo. Ndivyo tulivyofundishwa. Kule nilikuwa na ngao, kofia ya chuma na wenzangu kikosi kizima. Hapa nina mkanda.

"Toka, Mzungu," kasema Evarist.

Sikutoka. Wakaondoka wao. Hakuna aliyekatwa.

Nyumbani nimefunga mlango kwa komeo mchana kweupe. Hili simwambii mtu. Wa kumwambia pia hayupo.

Alhamisi, 17 Julai

Imeenea mpaka Mbuba kwamba Afande kasema ndugu zake wanaweka watu sumu. Kisimani wanawake wamenipa mgongo nilipofika. Nikatoa kile kichekesho changu cha jenerali na ngamia, kilichowavunja mbavu watu wa mataifa manne. Yakasikika maji tu kwenye ndoo. Koleta hajaniletea maharage tangu Jumamosi. Nina upweke. Basi, nimeuandika.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa. Ladislaus na Evarist walikuwa mbele yangu kidogo. Hawakuniona, au hawakujali.

"Na kwako alikataa?" Ladislaus kauliza. Neno la kwanza kwa mdogo wake tangu mkungu ule.

"Alikataa. Na nilionja mbele yake."

"Kwangu mbele ya mke wangu."

"Sasa sisi ni watu wa kumuua?"

"Tena huyu. Huyu nimembeba mgongoni."

Wakaongozana.

Jioni mwenyekiti kaja kunipa habari. Wamegawana mstari nusu kwa nusu, wamechimbia jiwe la mpaka wenyewe. Hawakuniita. "Umefanya kazi, Afande," kasema, akicheka kidogo. Hakukaa.

Vicheko vyao nimevisikia kutoka kwa Ladislaus. Nimefurahi. Nimelia pia. Kule misheni ilikuwa hivihivi: pande mbili zilipopatana, neno la kwanza walilokubaliana ni sisi tuondoke. Jandamu mmoja mzee aliniambia hiyo ndiyo dalili ya kazi nzuri. Yeye alikuwa na ndege ya kumrudisha kwao. Mimi kwetu ni hapa.

Jumapili, 27 Julai

Nimekwenda kwa Ladislaus bila kuitwa. Yeye na Evarist, kibuyu kimoja. Nikasema, shikamoo kaka. Akavuta mrija kwanza.

"Marahaba."

Evarist kaniamkia akiangalia mrija. Hakuna aliyesema karibu. Nikasema nina kiu. Hakuna aliyeinuka.

Pembeni kahawa yao imeanikwa kwenye mkeka. Nikachuchumaa nikaanza kuigeuza, punje za chini zije juu. Koleta kapita kanizunguka kama jiwe. Halafu karudi, kaweka reki karibu yangu. Hakuniangalia.

Hakuna aliyenifukuza.

Nimegeuza yote mpaka jua likazama. Bado mbichi. Itataka siku nyingi.