Triko Iliyochemshwa

Mujukuu wangu Furaha,

Sisi huku Kadutu tuko wazima, na papa yako amepona malaria. Umeuliza namna ya kufua triko yako, ile sweta ya sufu.

Wakati wa Wabelgiji, dada yangu Nsimire alipokuwa na mimba ya kwanza, masista walimufundisha kufuma. Akafuma triko nyeupe ya mutoto. Mama mukwe wake, akitaka kusaidia, akaichemsha pamoja na nepi. Ikatoka ngumu, imerudi ndogo kama ya mwanasesere.

“Mama, umeiharibu kazi yangu,” Nsimire alisema. Tangu hapo hakumusemesha tena.

Mutoto akazaliwa kabla ya wakati wake, mudogo sana. Nguo zote zilimumeza, na baridi ilikuwa kali. Mama mukwe akaleta ile triko, kumbe aliiweka. Ikamuenea sawasawa. Nsimire akasema: “Mama, kuja ukae hapa, umubebe.”

Wewe fua kwa maji baridi na sabuni kidogo. Usiinyonge, ikamulie ndani ya taulo, uitandaze kivulini.

Mutoto huyo ni papa yako mukubwa Déo. Anakusalimia, ametoka sasa hivi, akiinama ili apite mulangoni.

Koko yako,
Nabintu