Dume Namba Saba

Jumatatu, 4 Agosti 1997
Vidole vyangu vyote bluu! Nimewapaka wino matumboni perege wadogo mia mbili na kumi, mmoja mmoja, ili matundu ya haja na uzazi yaonekane. Jike ana matatu, dume mawili. Watoto wa Namba Saba: madume. Wote! Nimehesabu mara mbili, kisha nikamwita Mzee Dadi, mlinzi wa mabwawa, naye akahesabu kwa Kiha. Akasema baba huyo kapata hasara, mahari zote atalipa yeye.

Ndiye tunayemtafuta tangu mwaka juzi: bwawa la madume watupu halijai vitoto, samaki hukua wakubwa. Dawa ya kwenye chakula iligeuza baadhi ya madume kuwa majike, tukawazalisha na madume wenzao. Kati ya wana wao, wachache hubeba udume pande zote mbili, wa baba na wa mama. Kwa macho huwajui mpaka wazae. Nimepima kumi na wanne, kapatikana mmoja.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeitwa posta, simu kutoka Dar! Daktari Abdulrahmani wa maabara anakuja Jumamosi kumchukua Namba Saba. Awe hai, amesisitiza. Akimpata, mradi unaendelea na mimi naenda Morogoro kusoma — miaka miwili! Asipompata, mkataba wangu unaisha Septemba, narudi kwenye maharage ya Mama hapa Heru Juu.

Morogoro bado sijamwambia Mama. Atalia. Nitamwambia samaki akishaondoka.

Alhamisi, 7 Agosti
Fisimaji kaingia bwawa la tatu, kaacha magamba tu. Moyo ulinipasuka! Namba Saba nimemhamishia nyumbani, kwenye pipa lililokatwa nusu, nyuma ya jiko. Shanga yake nyekundu ya alama iko palepale kwenye pezi la mgongo. Simlishi, asije akachafua maji safarini.

Mama kamchungulia, akasema kanona. Nikamwambia asimpe hata tonge la ugali.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Kasulu mjini vumbi tupu na ngoma. Banda letu la maonyesho ya wakulima lilijaa watu. Pasikali, baba wa mabinti sita, alinivuta pembeni akauliza polepole kama mtu akimla samaki anayezaa madume tu, naye itamsaidia. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Nimerudi saa kumi na baiskeli yangu. Gari la maabara mlangoni! Daktari kawahi siku nzima. Yuko sebuleni, keshakula, anamsifu Mama kwa mapishi. Mama kanivuta jikoni, uso unang'aa. Alitaka kumchinjia jogoo, lakini mgeni ni Mwislamu, sisi hatuwezi kumchinjia. Abdalah wa dukani, anayetuchinjia tukipata wageni wa dini yake, alikuwa Nane Nane na wenzake wote. Mgeni katoka mbali, ana njaa, utampa maharage?

"Samaki hachinjwi," Mama akasema. "Nikaona Mungu katuwekea."

Nimekwenda nyuma ya jiko. Pipa lina maji tu.

Nilimkataza kumlisha. Kumpika sikumkataza! Miaka miwili ya kazi, na nyanya na bizari juu yake. Naogopa kweli, na bado kicheko kinanibana mbavuni kama kichaa. Siwezi hata kumkasirikia Mama. Kafanya kila kitu kwa heshima.

Nimejifungia hapa jikoni na Mama, na daftari langu, nimesema nabadilisha nguo. Nachungulia kwenye tundu la mlango. Daktari kapanga miiba vizuri ukingoni mwa sahani, na shanga nyekundu iko katikati yake. Hajauliza. Labda anadhani imetoka kwenye mkufu wa Mama.

Ananiita sasa. "Esteri, njoo. Nimeshiba, nina nguvu. Nionyeshe huyo Namba Saba."

Nimeitikia nakuja. Mama kafunua sufuria, ananong'ona: kimebaki kichwa, ampelekee nacho?